Bajaji ya Petroli na Bajaji ya Umeme: Tufanye Hesabu

Chukua kalamu na daftari, maana somo la leo ni la hesabu.

Swali letu ni hili: kati ya chombo kinachotumia petroli na chombo kinachotumia umeme, ni kipi chenye gharama ndogo kukiendesha? Watu wengi hulizungumza jambo hili wakifikiria motokaa. Lakini katika mitaa ya Kariakoo chombo kinacholisha nyumba nyingi si motokaa, ni bajaji. Simama asubuhi katika barabara ya Msimbazi au barabara ya Uhuru. Utawaona abiria walioshuka mabasi ya mwendokasi pale Gerezani wakitafuta bajaji, na wafanyabiashara waliokuja kununua vitambaa na vyombo wakipakia mizigo ya kwenda Buguruni, Magomeni na Mbagala. Kwa hiyo leo tutatumia bajaji kama mfano. Mwenye bodaboda, mwenye guta la injini au mwenye motokaa atafuata njia hiyo hiyo, akibadili tarakimu tu.

Ukikaa kijiweni utasikia maneno mawili yanayopingana. Huyu asema, “Mwenye bajaji ya umeme hana gharama, hanunui mafuta.” Yule ajibu, “Subiri betri yake ife, ndipo utamwona akilia.” Kila mmoja amesema nusu ya kweli. Kazi yetu leo ni kuzikutanisha nusu hizo mbili katika ukurasa mmoja wa daftari.

Tuanze na petroli. Petroli yetu haichimbwi hapa nchini. Huletwa kwa meli na kununuliwa kwa fedha za kigeni. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mamlaka inayosimamia nishati na maji, yaani EWURA, hutangaza bei ya juu ambayo vituo vya mafuta haviruhusiwi kuipita. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi wa Juni. Katika miaka ya 2023, 2024 na 2025 bei ya lita moja mjini Dar es Salaam ilikuwa ikipanda na kushuka karibu na shilingi 3,000, mara chini kidogo, mara juu kidogo. Basi katika hesabu yetu tutachukua shilingi 3,000. Wewe uandike bei iliyobandikwa sheli siku unayofanya hesabu yako.

Sasa umeme. Umeme huuzwa kwa yuniti. Katika bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja wa kawaida wa TANESCO, yaani yule wa daraja liitwalo T1, hutozwa shilingi 292 kwa yuniti moja. Juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, fungu la umeme vijijini asilimia 3, na fungu la EWURA asilimia 1. Jumla hufika shilingi 356 na senti kidogo. Ukitaka kuhakikisha, tazama ujumbe wa LUKU unaopata ununuapo umeme: gawa fedha ulizolipa kwa idadi ya yuniti ulizopewa. Lakini angalia, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo. Ukiona makato hayo, yatoe kwanza ndipo ugawe.

Baada ya bei, tupime matumizi. Chombo chako hula kiasi gani? Usimwulize muuzaji, kwa sababu muuzaji hupima barabara ikiwa nyeupe. Pima mwenyewe. Kwa petroli, jaza tangi mpaka juu, andika kilomita zinazosomeka, fanya kazi siku tatu kama kawaida, kisha jaza tena mpaka juu. Gawa kilomita ulizokwenda kwa lita ulizoongeza. Kwa umeme, soma mita kabla ya kuchaji na baada ya kuchaji, usiku ambao chombo kingine kikubwa hakitumiki, kisha gawa kwa njia hiyo hiyo.

Hapa ndipo Kariakoo inapokuwa na hesabu yake yenyewe. Injini ya petroli huendelea kuwaka na kunywa mafuta hata bajaji ikiwa imesimama. Katika foleni ya Msimbazi, mbele mkokoteni, nyuma lori linashusha mizigo, dereva wa petroli hulipia kusimama. Mota ya umeme ikisimama, imesimama; hailipishi kitu ila taa na honi. Tena katika baadhi ya vyombo vya umeme, dereva anapopunguza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha nguvu kidogo katika betri. Kwa sababu hiyo umeme hupata faida yake kubwa katika mitaa yenye msongamano. Kwa yule anayekwenda safari ndefu barabara ikiwa wazi, faida ipo, lakini hupungua.

Haya, tuandike hesabu ya siku moja. Tuseme madereva wawili wanakwenda kilomita 100 kila mmoja kwa siku. Wa kwanza ana bajaji ya petroli inayokwenda kilomita 25 kwa lita. Wa pili ana bajaji ya umeme ambayo kilomita 100 humtaka yuniti 8 kutoka ukutani. Kati ya hizo, yuniti 7 ndizo hufanya kazi barabarani, na 1 hupotea kwa joto wakati wa kuchaji. Nasema “tuseme”, kwa maana hizi ni tarakimu za mfano tu. Tarakimu za kweli ni zile utakazozipima mwenyewe.

Petroli: lita 4 kwa shilingi 3,000, ni shilingi 12,000 kwa siku.

Umeme: yuniti 8 kwa shilingi 356, ni shilingi 2,848 kwa siku.

Tofauti: shilingi 9,152 kwa siku.

Wakifanya kazi siku 26 kwa mwezi, wa kwanza ametumia shilingi 312,000 na wa pili shilingi 74,048. Na hapo hatujataja oili ya injini, plagi, chujio na klachi, vitu ambavyo mota ya umeme haina haja navyo. Tuseme vitu hivyo humgharimu dereva wa petroli shilingi 40,000 kwa mwezi. Gharama yake sasa ni shilingi 352,000. Tairi, breki, beringi na springi tusiziweke upande wowote, kwa sababu barabara ikiwa na mashimo haichagui chombo.

Mpaka hapa yule aliyesema umeme hauna gharama anacheka. Lakini asicheke mapema. Tumwite sasa mwenzake, aliyezungumzia betri.

Petroli hulipwa kila siku. Dereva hutoa fedha asubuhi, na jioni anajua kilichobaki. Lakini betri huliwa kila siku bila kulipwa, na deni lote huja kwa siku moja. Kila unapoichaji na kuitumia, uwezo wake hupungua kidogo, kama ncha ya kisu kinachonolewa kila siku. Betri ya lithiamu iliyotengenezwa vizuri huweza kuchajiwa mara elfu moja na zaidi kabla ya kuchoka. Betri ya risasi na asidi, ile nzito ya bei ndogo, huchoka baada ya mara mia chache tu. Mtu anayechaji mara moja kila siku ya kazi huchaji mara 312 kwa mwaka. Sasa waweza kukisia mwenyewe ni lini kila moja itachoka.

Basi tuigawe bei ya betri kwa miezi itakayoishi. Tuseme betri ya lithiamu ni shilingi 3,600,000, nayo itafanya kazi miaka 4, yaani miezi 48. Hiyo ni shilingi 75,000 kwa mwezi. Ukigawa tena kwa siku 26, ni shilingi 2,885 kwa siku. Tazama vizuri, ndugu yangu: betri inagharimu kwa siku kiasi kile kile cha umeme wenyewe, na zaidi kidogo. Kumbe gharama ya kweli ya dereva wa umeme si shilingi 2,848. Ni karibu mara mbili yake, yaani shilingi 5,733.

Tujaribu na betri ya risasi. Tuseme bei yake ni shilingi 1,200,000 tu, lakini inakufa baada ya miezi 12. Hiyo ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Dukani ilionekana rahisi mara tatu, lakini barabarani ni ghali kuliko ile ya lithiamu. Kwa hiyo unapoulizia betri usiulize bei peke yake. Uliza bei, uliza ya aina gani, uliza dhamana ni ya miezi mingapi, na dhamana hiyo iandikwe.

Sasa tujumlishe ya mwezi mzima. Dereva wa petroli: shilingi 352,000. Dereva wa umeme mwenye betri ya lithiamu: umeme shilingi 74,048 na akiba ya betri shilingi 75,000, jumla shilingi 149,048. Amebakiwa na nafuu ya shilingi 203,000 hivi. Ni fedha ya ada, ya kodi ya chumba, ya chakula cha watoto. Lakini nafuu hiyo ni ya kweli kwa sharti moja tu: zile shilingi 2,885 za kila siku ziwekwe kando. Asiyeziweka ataona miaka mitatu ya neema, na mwaka wa nne atatafuta shilingi milioni tatu na nusu kwa siku moja, wala hatazipata. Bajaji itakaa uani imefunikwa turubai, na yeye atarudi kuendesha ya mtu.

Iko pia tofauti ya bei ya kununulia. Ikiwa bajaji ya umeme ni ghali kuliko ya petroli kwa shilingi 3,000,000, gawa kiasi hicho kwa nafuu ya mwezi, yaani 203,000. Utapata miezi 15 hivi. Kabla ya hapo bado unarudisha fedha yako. Baada ya hapo ndipo unapoanza kula faida. Ukiwa umekopa, riba nayo iingie katika hesabu, na miezi itaongezeka.

Wasikilizaji, madereva wengi wa mjini hawaendeshi chombo chao. Wanaendesha chombo cha tajiri, na jioni humpelekea fedha ambayo wenyewe mnaiita “hesabu”. Wengine wako katika mkataba: hulipa kila siku kwa muda uliokubaliwa, na mwisho chombo kinakuwa chao. Hawa yawapasa kusikiliza kwa makini, maana swali lao si kwamba umeme una nafuu au hauna. Swali lao ni nafuu hiyo inakwenda mfukoni mwa nani.

Tufanye mfano. Tajiri akikuambia, “Chukua ya umeme, hununui mafuta, kwa hiyo uniongezee shilingi 10,000 kwa siku,” utajibu nini? Rudi katika daftari lako. Nafuu ya nishati ni shilingi 9,152. Ukiongeza 10,000, umepungukiwa na shilingi 848 kila siku, ingawa huendi sheli tena. Akisema 5,000, na betri ni juu yake, umebakiwa na shilingi 4,152. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo mdomoni, lakini kwa mwaka ni kubwa sana.

Na katika mkataba uliza neno hili kabla ya kutia sahihi: betri ikifa katikati ya mkataba, nani ananunua nyingine? Na chombo kikiwa changu, betri itakuwa na umri gani? Mtu aweza kulipa miaka mitatu kwa uaminifu, akakabidhiwa bajaji ambayo betri yake imebakiza mwaka mmoja. Huyo amepewa mwili, lakini moyo wa chombo yabidi aununue upya. Jambo hilo lisiachwe kwa mdomo. Liandikwe, na kila mmoja abaki na nakala.

Sasa tuzungumze habari za mahali pa kuchaji. Wakazi wengi wa Kariakoo, Ilala na Magomeni wamepanga vyumba, na wapangaji kadhaa hutumia LUKU moja. Bajaji inayotumia yuniti 8 kwa siku itatumia yuniti 208 kwa mwezi, na mwenzako anayewasha taa moja na redio hatakubali kuchangia sawa nawe. Kaeni kikao kwanza, au wekeni mita ndogo ya kupima umeme wa bajaji peke yake. Kama nyumba iko katika daraja la D1, lile la matumizi madogo, mjue kwamba bei ya shilingi 100 ni kwa yuniti 75 za kwanza za mwezi. Zaidi ya hapo kila yuniti ni shilingi 350 kabla ya kodi na makato. Bajaji peke yake itazimaliza yuniti 75 kabla ya siku kumi za kazi kutimia. Ukiongeza kodi na makato, yuniti hiyo hufika shilingi 427, na siku moja ya bajaji itakuwa shilingi 3,416. Bado ni chini ya petroli, lakini nyumba nzima itakuwa imepoteza bei yake ndogo kwa ajili yako.

Tena usichaji bajaji kwa waya mwembamba uliopita dirishani, wala betri usiilaze katika chumba mnacholala. Waya mwembamba hupata moto, na betri mbovu ikiwaka haizimiki upesi. Mlipe fundi umeme mwenye leseni aweke waya unaofaa. Gharama hiyo nayo iandike. Betri ikirudi kazini ina joto, iache ipoe kwanza, kwa maana joto hupunguza umri wake.

Yako na mambo mawili yasiyoonekana kwa urahisi. La kwanza ni wakati. Betri yako ikiishia kilomita 70, na kazi yako ni kilomita 100, itabidi usimame mchana kuchaji. Saa mbili za kusimama ni abiria waliokupita. Zihesabu kama fedha. Mjini Kigali, na Nairobi pia, ziko kampuni zinazobadilisha betri: dereva wa pikipiki huacha iliyokwisha na kupewa iliyojaa kwa dakika chache, naye hulipia huduma hiyo. Ukipata huduma kama hiyo, usiifananishe na bei ya LUKU tu, kwa sababu humo kuna umeme na uchakavu wa betri pia. Ifananishe na zile shilingi 5,733.

La pili ni kukatika kwa umeme. Mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa mwaka 2024 tulikuwa na mgao. Mwezi wa Februari 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji ulianza kutoa umeme. Bwawa hilo limejengwa kwa mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115 kwa jumla, na hali ya umeme imekuwa nzuri zaidi. Hata hivyo nguzo ikianguka mtaani kwenu usiku, asubuhi hutoki. Dereva mwenye busara hujua mahali pa pili pa kuchaji kabla ya siku hiyo kufika.

Huenda mwenzetu mmoja anasema, “Mimi bajaji yangu ni ya gesi, mbona hamkunitaja?” Kweli, gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, na siku hizi bajaji nyingi zimefungwa mitungi. Hesabu yako ni ile ile: bei ya kilo, kilomita kwa kilo, gharama ya kufunga mtungi iliyogawiwa kwa miezi, na saa unazokaa katika foleni ya kujaza. Weka safu ya tatu katika ukurasa wako.

Basi neno la somo hili ni hili. Kwa kazi ya katikati ya mji, umeme una nafuu kubwa kuliko petroli, lakini nusu ya gharama zake imejificha ndani ya betri. Anayeiona nusu hiyo na kuiwekea akiba kila siku, iwe katika kibubu, VICOBA au benki, atafaidi. Asiyeiona atadhani anapata faida, kumbe anakula betri yake. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali kwa vikundi vya kusikiliza:

1. Bajaji yako hutumia lita ngapi, au yuniti ngapi, kwa kilomita 100? Pima kwa siku tatu, kisha uwaonyeshe wenzako.

2. Bei ya petroli ikishuka mpaka shilingi 2,500, nafuu ya umeme kwa siku itakuwa kiasi gani? Ikipanda mpaka 3,500 je?

3. Betri ya shilingi 3,600,000 ikifa baada ya miaka 2 badala ya 4, yapasa kuweka akiba kiasi gani kwa siku? Je, umeme bado una nafuu?

4. Andikeni pamoja mambo matano ambayo dereva lazima ayaone yameandikwa katika mkataba wa bajaji ya umeme.

Mkishindwa na swali, msiliruke; lijadilini mpaka wote muelewe.